Rupia Zisizo na Uso

Walisema sitaweza kukaa na mali ya watu tangu asubuhi hadi jioni bila kuipoteza. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote, tena zizini, wakati wa kukamua, majirani wakiwa wamejaa.

"Huyu amekula chaki miaka yote ile," alisema, amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe. "Mtu wa chaki abishane bei na mwanamke wa Kigogo? Atarudi hapa amejifunika kwa kibuyu."

Watu walicheka. Wengine wakasema nitaporwa porini. Wengine wakasema nitapanda gari la moshi na mfuko wa watu, nisionekane tena. Jirani mmoja akaushika mkono wangu, akaugeuza kama anayekagua ngozi ya mbuzi, akasema, "Laini. Huyu akikutana na mwenye rungu atatoa hata asichoombwa."

Nayaandika haya kwa furaha kwa sababu wote walikosea, isipokuwa yule jirani, naye alipatia nusu tu. Kuogopa niliogopa. Niliogopa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Lakini sikutoa kitu.

Mimi ndiye wa kwanza katika tembe zote za kwetu, nyumba zetu za paa la udongo, kurudi na cheti. Nilikwenda pwani kwa miguu, mpagazi wa mtu, nimebeba mkeka wake na sufuria zake kichwani, na usiku nililala nje ya hema lake. Nilirudi nimekaa ndani ya gari la moshi, nimevaa suruali, na ndani ya kifua cha shati langu kulikuwa na karatasi ya shule ya serikali yenye muhuri wa tai: hesabu, alama ya juu, mwandiko, alama ya juu, Kidachi, wastani. Hakuna aliyenilipia. Karatasi ile niliipata kwa jasho langu na kwa kichwa changu, na sioni haya kuyasema hayo mpaka leo.

Kila mtu alidhani nitakuwa karani. Ningeweza. Lakini siku niliyoshuka Dodoma, reli ikiwa bado mpya na udongo wa tuta haujaota nyasi, nilimwona mzee mmoja wa kwetu kwenye duka la kituoni. Alitoa reale tano, zile fedha kubwa za zamani zenye sura ya mama mnene mwenye shela. Mwenye duka hakuzitazama. Alizisukuma chini ya meza, akampimia konzi mbili za chumvi.

"Hizi hazina kazi tena, mzee," alimwambia. "Nakusaidia tu."

Mimi nilijua reale moja ina fedha kiasi gani. Pwani nililala miaka yote ya shule nyuma ya karakana ya sonara. Asubuhi nikimvuvia moto kwa mivukuto, jioni akinilisha. Yeye alinifundisha kwamba reale ni kubwa lakini imechanganywa na shaba nyingi. Rupia ni ndogo, ila fedha yake ni safi zaidi. Alinifundisha kuzisikiliza zinapodondoshwa juu ya jiwe. Nilipomuaga alinipa mizani ndogo ya mkononi, akasema, "Huko kwenu bara kuna fedha kuukuu nyingi. Niletee. Nitalipa kwa uzito, sitakuibia."

Na kweli zilikuwapo nyingi. Kabla ya Wadachi misafara ilipita kwetu ikinunua nafaka, na wazee walilipwa kwa reale, baadaye kwa rupia za Kihindi zenye kichwa cha malkia. Serikali ilipoleta rupia zake zenye kichwa cha Kaisari, zile za zamani zilikataliwa kwenye kodi. Watu walibaki nazo, wamezifukia, hawajui wazifanyie nini. Mimi niliamua kuzinunua kwa bei ya haki. Ila kununua kunataka fedha, nami sikuwa na kitu zaidi ya suruali.

Nilikopa kwa watu watatu. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa karibu na Mpwapwa, alinipa mbuzi, nikawauza. Mfanyabiashara mmoja wa Kirangi kutoka Kondoa, mzee aliyeshusha tumbaku na asali kituoni, alinipa rupia taslimu. "Faida juu yake sitaki, riba ni haramu," aliniambia. "Nataka zangu tu. Lakini zangu, kijana. Zote." Wa tatu, msishangae, alikuwa mjomba. Alinipa dume la ng'ombe nilipeleke kwa mchinjaji wa kituoni.

"Nakupa ili ushindwe mapema, upate akili," alisema. "Ila sikiliza, mjomba. Dume hili ni la mahari ya mwanangu. Likipotea, haoi. Na mimi nitampeleka baba wa binti kwako, umweleze mwenyewe kwa Kidachi chako."

Tangu siku ile sikupata usingizi wa kweli. Mfuko wangu ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, niliuvaa kwapani chini ya shuka. Fedha hulia zikigongana, kwa hiyo nilizifungia katika majani makavu. Nilijifunza kutembea wima, nisielemee upande wenye mzigo. Kwale akiruka nyasini, moyo wangu uliruka naye. Nikikuta watu wamekaa kando ya njia, niliwasalimu "Mbukwa!" kwa sauti nene ambayo si yangu, kisha nikatembea polepole mpaka wasinione, halafu nikakimbia. Nilikuwa nimebeba ndoa ya mtoto wa mjomba kwapani, na kila kichaka kilinikumbusha.

Kazi yenyewe, lakini, niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote kabla yangu. Upande mmoja wa mizani niliweka rupia mpya ya Kaisari ambayo haijazungukazunguka mikononi mwa watu. Upande wa pili niliweka rupia kuukuu ya muuzaji. Kuukuu huwa nyepesi, maana kila mkono unaoishika hubaki na chembe yake. Basi upande huo nikaongeza punje za uwele, moja moja, mpaka mizani ikasimama sawa. Zile punje ndizo fedha iliyokwisha kulika, na kila mtu aliziona kwa macho yake. Nilipunguza bei kwa hesabu ya punje, nikajibakizia kidogo cha nauli na cha miguu yangu, na hicho kidogo nilikitaja wazi.

Msidhani walikubali kirahisi. Katika boma la kwanza tu la ng'ombe nililoingia, mwanamke mmoja alizitazama punje zangu, akazitazama tena, akasema, "Uwele gani huu wenye njaa? Tumia wa kwangu."

Akaleta wake. Punje zilikuwa nene kama macho ya panzi. Kwa uwele wake punje chache zilitosha, na fedha iliyopotea ikaonekana nusu.

"Mama, uwele wako umenona."

"Nimeulima mwenyewe. Wewe wako umeulima wapi, darasani?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimlipa kwa punje zake, na sitaki kusema nilipata hasara kiasi gani. Baada ya hapo nilibeba uwele wangu katika pembe ya mbuzi, sikukubali wa mtu, na hapakuwa na mwanamke wa Kigogo aliyenishinda tena.

Kisha fedha zikaanza kunijia zikiwa zinang'aa.

Kwetu kitu hakitoki nyumba moja kwenda nyingine kikiwa kichafu. Kibuyu cha jirani hurudishwa kimesuguliwa kwa majivu. Jembe la kuazima hurudi limesuguliwa. Kwa hiyo habari zilipotangulia kwamba mwenye mizani anakuja, wanawake walifukua fedha zao na kuzikuta nyeusi kama makaa. Zilikuwa zimefichwa chini ya zizi la mbuzi, na mkojo pamoja na chumvi ya ardhi yetu huila fedha rangi. Wakaona aibu. Wakazipeleka mtoni Kinyasungwe, wakazisugua kwa majivu na mchanga, kwa nguvu na kwa heshima, na kila kilichotoka mikononi mwao pamoja na weusi kilikuwa fedha.

"Msizioshe," niliwaomba. "Nyeusi ni nzuri. Nyeusi ina uzito wake wote."

"Tukupe uchafu?" walinijibu. "Tutaonekana watu wa namna gani?"

Ndipo, upande wa Hombolo, nilipomkuta mama mmoja mjane. Alinikaribisha, akaninywesha maji, akafungua kitambaa juu ya kigoda. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mviringo, vyeupe, laini pande zote mbili, kama vifungo vilivyokosa matundu.

"Ni nini hizi, mama?"

"Rupia, baba."

"Za wapi?"

"Za mume wangu. Alibeba mataruma ya reli mpaka kifua kikamkataa. Akaniachia hizi. Nilipozifukua zilikuwa nyeusi, nikaona siwezi kuipelekea serikali kitu kama hicho. Nimezisugua vizuri."

Niliinua moja kuelekea mlangoni. Kwa mbali, kama kovu la utotoni, niliona kivuli cha kofia yenye tai. Kwenye nyingine ilibaki ncha ya sharubu. Niliifunika haraka kwa kiganja, kana kwamba mtu alikuwa mlangoni ananitazama. Zilikuwa rupia za Kaisari, na Kaisari hakuwa na uso. Shuleni tulikuwa tumesomewa adhabu ya mtu anayekwangua fedha ya serikali: mnyororo, na kabla ya mnyororo viboko ishirini na tano, vile ambavyo nchi nzima iliviita hamsa ishirini. Mtu hakuulizwa zilikwanguliwa na nani. Aliulizwa zimekutwa kwa nani.

"Nimempelekea akida kodi," aliendelea yule mama. "Akazitupa chini. Akasema ni vigae. Siku ya gulio anakuja kumchukua ng'ombe wangu. Ninaye mmoja tu, ndiye anayewanywesha wajukuu."

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimekwisha kufunga mizani. Nilijiambia kwamba mfuko ni wa watu, kwamba sina haki ya kuutia moto wa mtu mwingine. Lakini mimi ni mtu niliyejitangaza katika nchi nzima kwamba napimia kila mtu kwa haki, na mama yule alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama, wala hakuniomba. Nikafungua mizani tena.

Nilimweleza ukweli. Rupia ikipoteza uso hainunui tena. Inabaki uzito, na uzito peke yake haufikii rupia.

Alifikiri. "Kwa hiyo uso wa mtu yule ni ghali hivyo?"

"Ghali, mama."

"Na hajawahi hata kufika hapa."

Nilizipima moja moja, punje kwa punje, nikamlipa. Nilizompa zilitosha kodi na zikabaki hela kadhaa za shaba. Nilivitia vile vipande vyake chini kabisa ya mfuko, chini ya reale zote, na nilipotoka nje nilihisi vinanichoma ubavuni.

Laiti mama yule angelipa kodi akanyamaza. Lakini alikuwa ametukanwa mbele ya watu, naye akalipa mbele ya watu. "Chukua," alimwambia akida, sauti ikisikika gulioni kote. "Vigae vyako vimenunuliwa na kijana mwenye cheti. Yeye ana macho."

Akida huyo alikuwa mtu aliyeletwa na serikali kutoka pwani, mwenye kanzu safi na mwavuli. Lile duka la kituoni la konzi mbili za chumvi lilikuwa la shemeji yake. Tangu nianze kuzunguka na mizani, hakuna aliyepeleka tena reale pale dukani. Alikuwa ananitafutia sababu, na sasa amepewa, tena kwa makelele.

Walinikuta kwa dada yangu, asubuhi, nikinywa uji. Askari wawili walisimama mlangoni, akida nyuma yao amefungua mwavuli ingawa jua lilikuwa bado changa. Mfuko ulikuwa kwapani. Waliuvua kama unavyomvua mtoto shati.

Akida alipekua mpaka chini. Akatoa kipande kimoja cheupe, akakishika kwa vidole viwili. "Uso wa Kaisari uko wapi, msomi?"

"Bwana akida, nilizinunua hivyo..."

"Tupa yako umeificha wapi? Tupa, ile ya kukwangulia vyuma. Unakwangua unga wa fedha, unauza pwani. Unamla Kaisari uso."

Dada yangu alikuwa ameshika mwiko. "Mdogo wangu hana tupa," alisema. "Hana hata kisu. Ugali tunamkatia."

Mmoja wa askari alicheka, akanipiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama anayepima. "Kichwa kimesoma," alisema. "Mgongo je, umekwenda shule?"

Njia ya bomani, kwenye ngome ya serikali, ilikuwa ndefu, sikumbuki hata sehemu moja yake. Nakumbuka mfuko tu, ukining'inia kwenye bunduki ya askari aliyekuwa mbele, ukienda huku na huku. Niliwaona wote ndani yake: mbuzi wa dada, rupia za mzee wa Kondoa, dume la mjomba lenye baka jeupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa wanyang'anyi, simba na kiu. Sikuwa nimejiandaa kwa serikali, kwa sababu mimi nilikuwa na karatasi yake kifuani.

Uani bomani walikuwa wanamchapa mtu. Sikujua kosa lake. Amelazwa, ameshikwa miguu na mikono, na askari mmoja anahesabu kwa sauti. Nilijikuta nahesabu naye kimoyomoyo, mimi mwenye alama ya juu ya hesabu, na katikati nikapotea, nikashindwa kukumbuka namba inayofuata.

Bwana shauri, Mdachi mwenye kazi ya kusikiliza mashauri, alikuwa mwembamba, macho ya njano kwa homa. Alizungumza Kiswahili cha pwani, kizuri. Mezani pake walimwaga mfuko wangu wote. Karani akanitoa cheti kifuani, akakisoma, akamnong'oneza. Nilipata matumaini. Bwana shauri akatikisa kichwa.

"Hii ni mbaya kwako," alisema. "Asiyesoma anaweza kusema hakujua. Wewe umesoma. Sema."

Nilifungua kinywa kumjibu kwa Kidachi. Nilikuwa nimetunga sentensi nzima njiani. Haikuwapo. Hata neno la "fedha" halikuwapo. Akida akatabasamu.

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyotetemeka, nami nasema wazi kwamba ilitetemeka. "Bwana mkubwa, mwizi wa fedha huacha uso. Uso ndio unaonunua. Mwizi hukwangua ukingo, pembeni, pasipotazamwa, kisha hulipa kama rupia nzima. Hizi tazama ukingo wake. Mzima. Ni uso ulioliwa. Nani aharibu rupia nzima ili apate unga?"

Alichukua kimoja, akapitisha ukucha ukingoni. Akachukua kingine.

"Maneno ya shule," alisema akida. "Ni mjanja, bwana mkubwa. Amekwangua uso kusudi aje kusema hivyo."

"Umezipata kwa nani?"

Kabla sijajibu kulikuwa na kelele mlangoni. Mama mjane alikuwa ametufuata. Alikuwa amesikia kwamba akida anakwenda kunikamata, akamfuata tangu Hombolo, kisha akatembea nyuma yetu njia yote, na askari wa mlango alikuwa amechoka kumzuia. Aliingia na vumbi lake mpaka magotini, akasalimu kila mtu, hata akida.

"Ni zangu hizo," alisema.

"Alikulipa ngapi?" bwana shauri alimuuliza.

Akataja. Aliitaja kila hela. Bwana shauri akachukua mizani yangu, akachukua pembe yangu ya uwele, akaniamuru nimweleze namna. Alipima mwenyewe, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Karani aliandika. Hesabu ilipokwisha, ilikuwa ile ile aliyoitaja mama, ukitoa kidogo changu.

"Wamepanga," alisema akida. "Mwanamke huyu ni mwongo. Nani alikwangua, kama si kijana huyu mwenye tupa?"

Bwana shauri alitoa rupia mfukoni mwake mwenyewe, imefifia kwa jasho na tumbaku, akampa mama. "Zilikuwa kama hii?"

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akakunja uso kidogo, kama mtu aliyepewa kikombe chenye masizi. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika ukuta. Alikwenda uani, kwenye mafiga ya askari, akachota majivu, akachota na mchanga, akatema mate, akachuchumaa pale pale mlangoni mbele ya bendera, akaanza kumsugua Kaisari.

Alisugua kwa kidole gumba, akijibana mdomo. Sauti yake ilikuwa *kwaru, kwaru, kwaru*. Yule mtu aliyechapwa, amekaa chini ya ukuta, aliinua kichwa atazame. Mimi nilijua kwamba nimekufa. Sikufikiri tena viboko, nilifikiri kamba.

Alipomaliza aliipangusa kwenye kaniki yake, akaja, akapiga goti, akamrudishia bwana shauri kwa mikono miwili.

"Hivi ndivyo inavyorudishwa kwa mwenyewe," alisema.

Bwana shauri aliisogeza dirishani kwenye mwanga. Akagusa pua ya Kaisari kwa kidole. Akagusa tena. Vidoleni mwake palibaki weusi unaong'aa wa unga wa fedha. Akamgeukia akida, akamwonyesha mkono wa mama uliojaa majivu.

"Tupa uliyokuwa ukiitafuta," alisema, "hii hapa."

Askari mmoja alikohoa kuficha kicheko. Akida alifunga mwavuli wake, akaufungua, akaufunga tena. Bwana shauri alivitenga vile vipande visivyo na uso, akaamuru vibaki bomani, nami nilipwe kwa uzito, bei ile ile niliyompa mama. Reale zangu na rupia za malkia zikarudishwa mfukoni. Nilizitazama zikiingia, moja moja, na sikuthubutu kuhesabu.

"Waambie wasioshe," alisema, akinirudishia cheti. "Na utoke."

Nilitoka. Nyuma ya banda la punda nilitapika uji wote wa dada. Mama alinishika bega.

"Mbona unatetemeka, baba? Bwana yule ni mtu mzuri tu. Ila fedha zake chafu."

Sikungoja akida apate sababu ya pili. Nilipanda gari la moshi la kwanza kwenda pwani, nikakaa juu ya mfuko kama kuku juu ya mayai, na kila mwenye kofia alipopita kukagua tikiti, mgongo wangu wenyewe ulijikunja. Sonara wangu hakuniibia. Alipima siku nzima, akalipa kwa uzito kama alivyosema, na nilipomsimulia habari ya majivu alicheka mpaka akaacha moto uzimike. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nasikiliza mlango.

Niliporudi nilikwenda kulipa kabla ya kuvua viatu. Nilianza kwa dada. Nilimpa mbuzi, si fedha, na juu yao kaniki mpya. Alilia, akanipiga na mwiko begani, akaniambia nisirudi kwake tena na askari.

Kwa mjomba nilipeleka dume nililolinunua gulioni. Alilizunguka. Akalifungua mdomo akatazama meno, akalishika nundu, akainua kwato. Majirani walikuwa wamejaa zizini kama kawaida yao.

"Hili ni kubwa kuliko langu," alisema hatimaye, kama mtu anayelalamika.

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa mimi nitakudai nini?"

"Hakuna, mjomba."

Alisimama pale na kamba mkononi, amekasirika kabisa, na mwanawe akalichukua dume akalipeleka kwa baba wa binti jioni ile ile, kabla mjomba hajapata neno lingine.

Mzee wa Kirangi alikuwa amerudi kwao. Nilimfuata mpaka Kondoa, kwa miguu, kupitia mabonde mekundu yaliyochimbwa na mvua, nimebeba rupia zake, na njia nzima niliogopa kuliko siku nyingine zote, kwa sababu zilikuwa za mwisho. Nilimkuta barazani anachambua tumbaku. Nilimpa shikamoo, nikazimimina juu ya mkeka.

Alizihesabu. "Zimetimia," alisema.

"Hesabu tena, mzee."

"Zimetimia, kijana."

"Hesabu tena, tafadhali."

Akazirudia moja moja, polepole, kwa sauti, ili nisikie mimi kuliko yeye, akaweka ya mwisho juu ya nyingine.

"Huna deni hapa," alisema. "Wala popote, nasikia. Kaa ule."

Mkewe alileta ugali na maziwa ya mgando. Nilikula mpaka chakula kikaisha, kisha nikalala pale pale mkekani, jua likiwa bado juu, na nikiwa natopea usingizini nilimsikia mzee akiwafukuza watoto waende wakachezee mbali.